Kilo moja ya gunia

Nilikuwa nimeketi uani kwa mama mmoja mjane huko Muleba, namsubiri mwanawe anieleze bei ya kahawa msimu huu, mara wakabisha hodi wazee wawili waliovaa makoti. Wakapewa viti. Mmoja akatoa bahasha ya kaki, akaiweka juu ya stuli, akasema: "Ma, mimi nilikuwa karani wa mizani. Kahawa ya mzee wako niliiba kilo kumi na nne. Nimekuja kulipa na kuomba msamaha."

Mama akauliza, "Mwaka gani?"

"Kuanzia themanini na tatu mpaka themanini na sita."

Akakaa kimya, anahesabu. "Themanini na sita ndiyo mwanangu wa pili alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada." Kisha akainuka, akaenda jikoni kuangalia ndizi zake. Bahasha akaiacha pale pale.

Habari ya bei ikafia hapo. Nilimfuata yule mzee mpaka kwake, na kwa siku mbili alinionyesha daftari lake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala chama cha msingi alichokifanyia kazi.

Ni daftari la shule, kurasa zimelegea, limeshonwa upya kwa uzi wa katani. Ameligawa kwa rula: jina, kijiji, misimu, kilo. Aliyelipwa amewekewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Mkulima akishafariki, pembeni anaandika jina la mrithi. Jina la kwanza kabisa ni la babu yake mwenyewe, nalo halina kilo. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka kwa aibu.

"Huyo ndiye alikuwa mwizi mwenzangu. Alishakufa zamani, lakini kwenye vitabu vya chama alikuwa mkulima hodari."

Akanieleza kazi yenyewe. Kahawa ya maganda inakuja imekauka ndani ya gunia la katani, linatundikwa kwenye ndoano ya mizani ya saa, mshale unacheza kisha unatulia. Katika uzito ule karani anatoa uzito wa gunia tupu. Gunia lina kama kilo moja. Yeye alikuwa akitoa mbili. "Mkulima anatazama mshale, hatazami mkono unaoandika. Mshale ulikuwa hausemi uongo hata siku moja. Uongo ulikuwa kwenye stakabadhi." Jioni, kilo zilizozidi ghalani ziliandikwa kwa jina la marehemu babu, na siku ya malipo mjukuu anapokea kwa niaba ya mzee "asiyeweza kutembea".

Kilo moja ya gunia. Kwa mkulima mwenye magunia matatu au manne kwa msimu, nani angeishtukia? Na wengine walikuwa wamekwisha kuuza butura, kahawa ingali ua mtini, kwa hiyo hata hicho kilichopimwa hakikuwa chao chote.

Mzee huyu ni mtu wa Uamsho, ule wa Kikristo uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Bukoba, na ambao salamu zake na wimbo wa Tukutendereza hakuna msomaji wa kanda hii asiyevijua. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika ndugu wa Uamsho huo. Tangu mwanzo kuokoka kwao kulikuwa na mzigo wa kubeba: jembe la jirani, blanketi la hospitali, deni la kodi, vyote vinarudishwa kwa mikono na aliyeiba anajitaja. Siku hizi nimehudhuria mikutano ambako watu mia wanaitwa mbele, wanaombewa kwa dakika tano, wanarudi kwenye viti vyao. Sijaona daftari hata moja.

Yeye mwenyewe aliokoka mwaka 1991, akaacha pombe ya lubisi, akaimba kwa sauti kubwa, na mizani akainyamazia kwa miaka mingi. "Nilitubu dhambi zilizokwisha kujulikana na mtaa mzima. Hizo ni rahisi, mwanangu. Siku moja kwenye ushirika ndugu akaniuliza tu, 'Na kule mizani, kulikuwaje?' Nilitamani ardhi ipasuke." Ndugu huyo ndiye anayemsindikiza mpaka leo. Kwenda peke yako, anasema, ni hatari mara mbili: unaweza kupigwa, au ukarudi unajisifu.

Nikamchokoza: si mnahubiri kwamba wokovu ni bure?

"Wokovu ni bure. Kahawa haikuwa bure."

Analipa kwa bei ya leo, kwa pensheni ndogo na ndizi anazouza. Pasipo hakika ya kilo, anaongeza. Mara nne kama Zakayo? "Zakayo alikuwa tajiri," alinijibu, bila utani.

Ila bei ya leo hailipi ada ya mwaka 1986, na hilo analijua. Wengine humchinjia kuku. Kijana mmoja mrithi alizipokea fedha, akaenda nazo moja kwa moja kilabuni. Kuna mzee aliyemwambia aende akamlipe baba yake kaburini, kule nyuma kwenye kibanja. Akaenda, akasimama kati ya migomba, akakosa la kusema. Yule mjane wa Muleba hakumsamehe wala hakumfukuza, na mimi sikuthubutu kumuuliza kwa nini. Je, mtu aliyeanza maisha mapya anaruhusiwa kumdai msamaha yule aliyemwibia? Mzee alilifikiria swali hilo kitambo. "Huo ni mali yake. Nao nikiuchukua kwa nguvu, nimeiba tena."

Nilipoondoka alikuwa amefika jina la ishirini na nne kati ya sitini na moja. Familia ya jina linalofuata ilihamia Mwanza, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi deni.