Si kila mguu mzito ni uzee

Katika vijiji vya Usambara, kuanzia Soni hadi Mlalo, mzee akianza kuburuta nyayo kana kwamba zimeganda ardhini, kisha akashindwa kuzuia mkojo, kisha akawa msahaulifu, jamaa husema uzee umeingia. Naye kwa haya huacha swala ya jamaa, akichelea kunajisi msikiti.

Dalili hizo tatu zikikutana, yafaa kuuliza zaidi. Mwaka 1965 daktari Salomón Hakim wa Colombia na wenzake walieleza maradhi ambayo maji ya ubongo hujikusanya katika vyumba vyake vya ndani, ilhali mgandamizo ukipimwa huonekana wa kawaida. Wengi wetu tunayajua maji ya kichwani kwa watoto wachanga, ambao kichwa chao hutanuka. Fuvu la mtu mzima halitanuki, hivyo kwa nje hapaonekani kitu.

Tiba yake ni upasuaji wa kuweka mrija mwembamba chini ya ngozi, wenye vali, unaopeleka maji ya ziada kutoka kichwani hadi tumboni. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 99, walioteuliwa kwa kuwa mwendo wao ulikuwa bora baada ya kutolewa maji kwa majaribio. Wote waliwekewa mrija, lakini kwa takriban nusu yao vali ilibanwa, na wao hawakujua. Baada ya miezi 3, waliofunguliwa vali waliongeza mwendo kwa sentimita 23 kwa sekunde. Wenzao kwa sentimita 3 tu. Walioanguka walikuwa 24 katika kila 100, dhidi ya 46.

Hata hivyo, kumbukumbu na mkojo havikuonesha tofauti ya wazi katika muda huo. Aidha, damu ilivuja juu ya ubongo kwa 12 katika kila 100, dhidi ya 2, na maumivu ya kichwa yalizidi. Familia na itarajie miguu kwanza, na iyapime manufaa na hatari pamoja na daktari.

Kwa mzee wa Lushoto, safari huanzia hospitali ya wilaya. Mwelezeni daktari dalili zote, hata ile ya mkojo inayofichwa, kwani kiharusi, tezi dume na maradhi mengine hufanana nazo. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika taasisi ya MOI, Muhimbili. Baada yake mzee atahitaji kurudi kliniki, basi nauli na msindikizaji viandaliwe mapema. Akipata homa, kutapika au usingizi mzito, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kwa sasa asijifiche. Asiyeweza kuzuia mkojo hujisafisha, hujihifadhi, na hutawadha kwa kila faradhi wakati wake ukishaingia. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Vijana wa nyumbani wamshike mkono, na wamwandikie siku ya kumwona daktari.