Bunduki rahisi humdhuru kwanza mwenyewe

Vijana wa shule wanapomwona mtu asiyefaa kwa lolote humwita gumegume. Wengi wao hawajui kwamba neno hilo ni jina la bunduki ya kale, ile iliyolipuliwa kwa cheche za jiwe. Silaha na mtu asiyefaa wamepewa jina moja, na sidhani kwamba waliotutangulia waliiteua lugha yao kwa pupa. Waliijua bunduki duni, kwa kuwa ndiyo waliyouziwa.

Mnamo 1766 mwanasiasa wa Uingereza, Lord Shelburne, aliandika kuhusu bunduki zilizotengenezwa Birmingham kwa ajili ya soko la Afrika. Alikiri kwamba zaidi ya nusu yake zilikuwa na hakika ya kupasuka mkononi mwa mtu wa kwanza kuzifyatua. Miaka mingi baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890 uliyazuia mataifa kuleta bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili, lakini ukaliachia gumegume mlango wazi. Jambo la kutia uchungu ni kwamba mji huo huo wa Birmingham ulikuwa na nyumba ya kujaribia kasiba za bunduki tangu 1813. Maarifa ya kumlinda mfyatuaji yalikuwapo. Kilichokosekana ni nia ya kumlinda mfyatuaji wa mbali.

Ninayaeleza haya nikiwa hapa Eldoret, mji uliozungukwa na mashamba ya ngano na mahindi, usio mbali na Bonde la Kerio ambako wizi wa mifugo umewaliza watu wengi. Katika mazingira haya kuna raia wenye leseni ya kuweka bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotgani. Kwa kuwa bei za bunduki zenye sifa ziko juu, mnunuzi wa kawaida huitafuta ya bei nafuu. Hutazama mng'aro wa mbao, akaipima begani, akalipa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Tuitazame basi silaha hiyo kama somo la fizikia. Kasiba ya kipimo cha 12 ina upana wa milimita 18.5 hivi, na jina lake latokana na hesabu ya zamani: tufe 12 za risasi zenye upana huo huwa na uzani wa ratili moja. Baruti inapolipuka, shinikizo linaloruhusiwa kwa risasi za kawaida hufika bar 740. Tairi la gari dogo hutiwa upepo wa bar 2 tu au zaidi kidogo. Shinikizo hilo huwa kali karibu na kitako, kisha hupungua marisau yanapokimbilia mdomoni. Ndiyo sababu mafundi huifanya kasiba kuwa nene nyuma na nyembamba mbele.

Kule mbele ndiko kuliko na choki, yaani ubano unaoyakusanya marisau yasitawanyike upesi. Ubano ulio mkali hukaribia milimita 1 tu. Zamani choki ilikuwa sehemu ya kasiba yenyewe, lakini tangu kampuni ya Winchester ya Marekani ilipoanza kuuza choki za kubadilishwa katika miaka ya 1960, mtindo wa kuifunga choki kwa skrubu umeenea ulimwenguni. Mwenye bunduki moja sasa aweza kuitumia kwa shabaha ya karibu na ya mbali.

Lakini kila urahisi una gharama yake. Ili choki iingie, fundi hana budi kuuchimba mdomo wa kasiba kwa ndani na kuukata nyuzi za skrubu. Pale palipokuwa pembamba panazidi kuwa pembamba. Kiwanda makini huupanua mdomo kidogo na kutumia chuma bora ili kufidia kilichochongwa. Kiwanda kinachokimbizana na bei huenda kisifanye hivyo. Tundu likichimbwa kombo, upande mmoja wa kasiba hubaki kama karatasi, na ukingo wa choki hujitokeza katika njia ya marisau. Marisau yanapougonga ukingo huo, mdomo huvimba, choki hukwama, na siku moja chuma hupasuka.

Nimewahi kuonyeshwa kasiba ya namna hiyo na mkulima mmoja wa upande wa Moiben. Ilikuwa na uvimbe mdogo karibu na mdomo, mfano wa koo la nyoka aliyemeza yai. Yeye aliudhani kuwa ni urembo wa kiwanda! Mdharau mwiba, mguu huota tende.

La hasha, si kila uvimbe ni kosa la kiwanda. Choki iliyolegea huruhusu gesi ya moto kupenya nyuma yake na kuuinua ukingo. Masizi na kutu katika nyuzi huizuia isikae sawasawa. Kufyatua bila choki yoyote huziharibu nyuzi zilizoachwa wazi. Tope la shambani, au kizibo cha risasi iliyotangulia kilichobaki ndani, chaweza kuipasua hata kasiba iliyotengenezwa na mabingwa. Hatari zaidi ni risasi ya kipimo cha 20 kuingizwa katika bunduki ya kipimo cha 12: huteleza mbele ikakwama, na ya pili ikifyatuliwa nyuma yake kasiba hulipuka karibu na mkono wa mfyatuaji.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye leseni ni mwepesi. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha ifungue choki, isafishe, ipake mafuta kidogo na uikaze kwa ufunguo wake. Chungulia kutoka upande wa kitako uone kama duara la choki na duara la kasiba vimelingana. Ukiona uvimbe, usijaribu kuunyoosha kwa nyundo. Acha kuitumia na umpelekee fundi mwenye idhini. Na wale wanaotumia bunduki za kuundwa vichochoroni kwa mabomba ya maji wajue kwamba, mbali na kuvunja sheria, wamelishika mkononi bomba ambalo halikuumbwa kuhimili baruti.

Hata hivyo, ushauri kwa mtu mmoja mmoja hautoshi. Leseni hutuambia mwenye bunduki ni nani. Haituambii kasiba yake ina afya gani. Ulaya nchi nyingi zimeungana katika tume ya kudumu iliyoasisiwa Liège, Ubelgiji, mnamo 1914. Katika nchi hizo kasiba hujaribiwa kwa risasi yenye nguvu inayopita kiwango cha kawaida kwa takriban robo, na ikisalimika hupigwa muhuri. Kenya si mwanachama wa tume hiyo. Mnunuzi wetu hutegemea muhuri wa ugenini, ikiwa anajua kuusoma.

Je, tumekosa uwezo? Hapa Eldoret pana kiwanda cha risasi cha Shirika la Kenya Ordnance Factories, kilichojengwa katika miaka ya 1990. Pana Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa 1984, chenye wahandisi wake. Mnamo 2021 serikali ilizindua kiwanda cha silaha ndogo huko Ruiru. Nchi inayounda risasi na bunduki haishindwi kuipima kasiba ya mkulima. Naomba kila bunduki ya raia ikaguliwe kwa vipimo kabla ya kuuzwa, na kila leseni inapohuishwa mdomo wa kasiba utazamwe pia.

Nanyi walimu, mnapowafundisha vijana shinikizo na uimara wa vyuma, msiishie kwenye mitungi ya vitabuni. Waulizeni ni nani hulipa pale chuma kinapochongwa hadi kubaki chembamba ili bei ishuke. Wazee wetu walilipa kwa vidole vyao, kwa kuwa hawakupewa nafasi ya kuijaribu silaha waliyouziwa. Sisi nafasi hiyo tunayo, na tusipoitumia, jina la gumegume halitakuwa la bunduki peke yake.