Mashini imekufa, na TFC iko ndani

Ilikuwa siku ya kazi nne, saa moja ya mangaribi, hapa kwetu Kolwezi, komine ya Manika. Mimi nilikuwa ninavaa viatu vya kazi ili niende posti ya usiku. Binti yetu alikuwa anaandika TFC yake juu ya meza ya chakula. Kurasa 62 zilikuwa tayari, zilibaki mbili ao tatu za mwisho, na direktere wake alikuwa amemwambia wazi: siku ya kazi moja unaleta, kama hapana unangojea sesio ya pili. Ordinatere ikamuuliza kama inaweza kuleta marekebisho mapya. Akabonyeza ndiyo. Nyuma ya dakika kumi umeme ukakatika.

Batri ya ile mashini ilikufa tangu zamani. Tuliinunua okazio, na kwa okazio batri ndiyo kitu cha kwanza kufa. Bwawa la Nzilo haliko mbali na sisi, lakini giza tunalijua sana, wala sina haja ya kulieleza kwa watu wa hapa.

Umeme uliporudi, mke wangu alinipigia simu kazini. “Papa wa watoto, mutoto analia. Mashini inaandika Kizungu tu, haifunguke.” Nikamwomba anisomee. Ekrani nyeusi, maandiko meupe, na mwishoni neno moja kati ya mabano: initramfs. Mimi ni fundi wa mikanda inayobeba mawe ya shaba. Mukanda ukikatika ninajua pa kuanzia. Kwa ile neno sikujua kitu.

Asubui yake kijana wa siberi akaja. Hakukaa hata kwenye kiti. “Ni ya kufuta yote. Linux si kitu, mama. Nitawawekea Windows, franka elfu makumi mbili.” Mke wangu akamuuliza: na TFC? “Ile itapotea. Ataandika ingine.” Kle yake ilikuwa imeisha kuingia katika mashini. Mke wangu akaichomoa na mkono wake, akamushukuru, akamusindikiza mpaka kwa mulango. Simuhukumu kijana. Ni ile kazi moja tu anaijua, na anaifanya pahali pote.

Kwa nini tulikuwa na Linux? Si kwa kiburi. Microsoft iliacha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za zamani hazikubaliwe na Windows 11. Mutu wa mushahara mudogo atafanya nini? Linux ni ya bure. Ilianza mwaka 1991 na mwanafunzi mumoja wa Helsinki, Linus Torvalds, na tangu pale watu wa inchi nyingi wanaitengeneza pamoja. Ile yetu inaitwa Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, nayo inajengwa juu ya Ubuntu. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, na yeye alizaliwa Welkom, muji wa migodi ya zahabu kule Afrika ya Kusini. Kumbe na sisi watu wa migodi tuko na ndugu mule ndani. Na jina lenyewe, Waluba watalisikia mara moja: ni bumuntu.

Siku ya posho watu watatu wakakusanyika kwetu. Mumoja ni jirani, fundi wa umeme aliyepumzika kazi; tunamuita Papa Fundi. Wa pili ni mwalimu wa informatike wa shule ya sekondari ya katiye. Wa tatu hakuwa na sisi: ni yaya wa rafiki ya binti yetu, mwanafunzi kule Lubumbashi, alikuwa kwa simu. Hakuna hata mumoja aliyejua yote. Hii ninaisema kwa sababu watu wanafikiri lazima kumpata bingwa. Sisi tulikuwa na watu watatu, kila mutu na kipande chake.

Mwalimu alianza kwa kutushangaza. Akakaa mbali na meza. “Miye siguse klavye. Mutoto ndiye ataandika. Na mbele ya kubonyeza, atatuelezea ile maneno itafanya nini. Kama haijue, atatoa mikono.”

Papa Fundi akacheka. Ni namna ile tunafanya kazini: mbele ya kuingiza mukono katika mashini, unakata umeme, unafunga na kadena yako, ufunguo unabaki katika mufuko wako. Hakuna shefu anayeweza kukuambia “ingia tu, iko salama” kama kadena yako haiko pale.

Na siku ileile tuliona faida yake. Muzao mumoja, aliyesikia habari yetu, alituma dawa kwa simu: sudo rm -rf /*. Binti alikuwa karibu kuiandika, maana iliandikwa vizuri, na neno “dawa” mbele yake. Mwalimu akauliza: “Elezea.” Wakaivunja kipande kwa kipande. Sudo ni kusema: ninafanya hii na nguvu za mwenye nyumba. Rm ni kufuta. Ile r ni pamoja na vyote vilivyo ndani, f ni bila kuniuliza. Na alama za mwisho ni kila kitu kilicho katika mashini. Kwa kifupi: futa nyumba nzima, usiniulize. Kuna watu wanaoona ile ni muchezo. Muzao wetu hakuifanya kwa ubaya, yeye pia alipewa, akatuma bila kuisoma.

Papa Fundi akasema neno lililoongoza kazi yote: “Mugodi ukianguka, unatoa batu kwanza. Galeri utaitengeneza nyuma.” Batu, kwetu, ni TFC. Hawakugusa ugonjwa bado. Walichukua kle ileile tuliyowekea Mint zamani, wakaitia, wakawasha mashini na kubonyeza F12 (kwetu ni Lenovo, kwa zingine ni F9 ao Esc). Linux ikafunguka toka kle, si toka diski. Hapo unaweza kuangalia diski kama mutu anayechungulia kwa dirisha. Wakafungua sanduku la binti, TFC ikaonekana, yote 62. Wakainakili katika kle ingine na katika simu. Kazi ya robo saa. Binti alilia tena, lakini kilio kingine.

Kisha wakaangalia kama diski yenyewe inakufa. Katika Mint kuna programu ya diski inayoonyesha afya yake. Diski mbovu haitengenezwe, unaibadilisha, na kuipiga na matengenezo kunaweza kuimaliza. Yetu ilikuwa nzima.

Sasa wakarudia ile ekrani nyeusi. Mwalimu akamwambia binti aisome yote, polepole, kwa sauti. Sisi wote tulikuwa tumeiogopa siku mbili. Kumbe ilikuwa inasema ugonjwa na dawa yake: kuna vurugu katika sehemu inayoitwa /dev/sda2, endesha fsck na mukono. Ni vile tu. Fsck ni kazi ya kupita katika diski na kupanga tena pale umeme ulipovuruga. Akaandika fsck -y /dev/sda2. Ile y ni kujibu ndiyo kwa kila swali. Kwenu sehemu inaweza kuwa na jina lingine, basi mufuate jina lililoandikwa kwa ekrani yenu, si lile la gazeti. Maandiko yakapita kama mvua. Akaandika exit, na mashini ikafunguka.

Bado marekebisho yalikuwa yamekwama katikati, nusu mapya nusu ya zamani. Yule dada wa Lubumbashi akasema kwa simu: sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install. Ya kwanza inamalizia vitu vilivyoachwa njiani, ya pili inaleta vipande vilivyokosekana. Binti alieleza, kisha akaandika. Nyuma ya nusu saa TFC ilikuwa wazi juu ya meza, na mke wangu analeta bukari na sombe.

Ingekuwa imeisha hapo. Lakini Papa Fundi alikuwa kimya, akauliza swali moja: “Ile kle ilifungua diski. Iliuliza neno la siri?”

Hapana. Haikuuliza.

Ndiyo hapo nilielewa kitu ambacho sikupenda. Mulango uliotuokoa ndio mulango wa mwizi. Mutu akichukua ile ordinatere, anatia kle, anasoma yote, hata kama neno lako la siri ni refu namna gani. Na katika ile mashini hakuna TFC tu. Mke wangu ndiye anayeshika daftari la likelemba ya bamama kumi na wane: majina, nambari za simu, nani amelipa, nani atapokea na siku gani. Ile karatasi ikianguka kwa mutu mubaya, anajua nyumba gani iko na feza na siku gani iko nayo.

Tukaendelea mpaka usiku. Mwalimu akaandika sudo ss -tulpn, inayoonyesha programu zinazongojea kuitwa toka inje. Mule kukaonekana moja ya kuongoza mashini toka mbali. Fundi wa kwanza, aliyetuwekea Linux, aliiacha. Labda alitaka kutusaidia bila kulipa taksi, sijui. Lakini ufunguo alikuwa nao yeye, sisi hatukujua hata kama mulango uko. Tukaitoa. Tukawasha na parefe, sudo ufw enable, maana katika Mint inalala mpaka uiamshe. Ile karatasi ya “1234” iliyobandikwa chini ya ekrani, mke wangu aliichoma katika mbabula. Sasa kila mutu ana konti yake, na konti moja tu ndiyo iko na sudo. Si yangu. Ni ya binti, na ni haki yake.

Kwa kufunga diski yenyewe, unaichagua siku ya kuweka Linux, si nyuma. Tulingojea TFC ipokelewe, tukaweka Mint upya na diski yenye kufungwa. Neno lake ni refu, maneno matano yasiyo na undugu, na limeandikwa juu ya karatasi iliyo katika sanduku pamoja na karata za kiwanja. Ukilisahau, hakuna mwalimu wala dada wa Lubumbashi atakayekufungulia.

Ndani ya Mint kuna pia Timeshift, inayopiga picha ya mashini ili ukiharibu urudie jana. Watu wengi wanadanganyika hapa: kwa kawaida inalinda mashini, si fishie zako. TFC na daftari la likelemba lazima uzinakili wewe, kwa kle isiyokaa katika nyumba ileile.

Mutu anaweza kuuliza: na hao wanaoitengeneza Linux kwa bure, tunawaamini namna gani? Ni swali la haki. Tarehe 20 Februari 2016 wezi waliingia katika saiti ya Linux Mint, wakawapeleka watu wachukue Mint yenye mulango wa siri ndani. Katika Machi 2024, fundi mumoja, Andres Freund, aliona kuingia kwa mashini yake kunachelewa nusu ya segonde. Wengi wetu tungesema ni rezo. Yeye alitafuta, akakuta mulango wa siri katika programu inayoitwa xz, uliotiwa na mutu aliyesaidia wengine zaidi ya miaka miwili mpaka wakamuamini. Haukufika kwa mashini za nyumbani kama yetu, kwa sababu kila mutu anaweza kufungua na kuangalia, na mumoja aliangalia.

Kwetu Mint inatembea kwa mikono, kle kwa kle, kwa sababu ni karibu giga tatu na mega ni ghali. Hakuna ubaya, lakini mupime: sha256sum na jina la fishie inakupa herufi na tarakimu 64. Unazilinganisha na zile za saiti ya Mint, unazisoma kwa simu kwa mega kidogo sana. Moja ikipishana, unaitupa.

TFC ilipokelewa siku ya kazi moja. Posho mbili nyuma yake, mutu akapiga hodi. Ni kijana wa siberi. Alikuwa na kle mkononi, akauliza, macho chini, kama tunaweza kumunakilia ile Mint, maana wateja wanaiomba. Binti akamukaribisha kwa meza, akamuandikia amri ya kupima, akamupa simu. “Soma, yaya, kwa sauti. Miye nitafuata kwa ekrani.” Akasoma mpaka ya 64.