Wakala wa Safari za Kikazi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kusaini Mkataba

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila wiki watumishi wa wizara, wakala za Serikali, halmashauri na kampuni binafsi huondoka Dodoma, Dar es Salaam, Mwanza na Arusha kwenda kwenye vikao, kaguzi, mafunzo na mazungumzo ya biashara ndani na nje ya nchi. Nyuma ya safari nyingi kati ya hizo yupo mtu ambaye jina lake haliandikwi katika taarifa ya safari, naye ni wakala wa usafiri. Akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemkumbuka. Akikosea, mtumishi hukwama uwanjani akiwa na begi lake, kikao kinaendelea bila yeye, na fedha za umma zinakuwa zimekwishatumika.

Kwa sababu hiyo, uteuzi wa wakala wa safari za kikazi haupaswi kuachwa kuwa suala la mazoea au la kujuana. Makala haya yanaeleza namna huduma hiyo inavyofanya kazi na mambo ambayo taasisi ya umma, au hata kampuni ndogo yenye watumishi wanaosafiri mara kwa mara, inapaswa kuyapima kabla ya kuingia mkataba.

Jambo la kwanza ni kuelewa kinachonunuliwa. Watu wengi bado wanadhani wakala hulipwa na shirika la ndege, na kwamba mteja hapati gharama yoyote kwa kumtumia. Hali hiyo ilikuwa kweli zamani. Kuanzia mwaka 1995, mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yalianza kuweka ukomo wa kamisheni za mawakala, na katika miaka iliyofuata mashirika mengi duniani yakazipunguza au kuziondoa kabisa. Tangu hapo, sehemu kubwa ya pato la wakala hutokana na ada ya huduma anayomtoza mteja. Wakala anayesema hatozi ada yoyote anapaswa kuulizwa kwa upole lakini bila kuchoka pato lake linatoka wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba ada imefichwa ndani ya nauli, mahali ambapo mkaguzi wa ndani hawezi kuiona.

Kwa hiyo ankara iliyo sahihi inapaswa kutenganisha nauli ya shirika la ndege, kodi na tozo za viwanja, na ada ya wakala. Taasisi inayopokea ankara yenye tarakimu moja tu ya jumla haina njia ya kujua kama imelipa bei ya haki.

Kuhusu utaratibu, taasisi za umma Tanzania Bara zinaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, pamoja na kanuni zake. Ununuzi hufanyika kupitia Mfumo wa Kielektroniki wa Ununuzi wa Umma, NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Tiketi za ndege ni huduma inayohitajika mara kwa mara, na kwa huduma za namna hiyo sheria imeweka njia ya mikataba maalum inayoratibiwa na Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini (GPSA), ambapo mzabuni hupitishwa kwanza na taasisi humwita kadiri ya mahitaji. Aidha, asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi hutengwa kwa ajili ya makundi maalum ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na hakuna sababu kwa nini kampuni ya vijana wenye ujuzi wa tiketi isishindane katika eneo hili.

Nyaraka za msingi za mzabuni zinafahamika: usajili wa BRELA, namba ya mlipakodi, uthibitisho wa kulipa kodi na leseni ya biashara. Yapo mambo mengine ya kuangalia katika eneo hili mahsusi, na muhimu zaidi ni iwapo wakala ameidhinishwa na Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga, IATA, chombo kilichoanzishwa mwaka 1945 na chenye makao yake makuu Montreal, Canada. Wakala aliyeidhinishwa ana mamlaka ya kutoa tiketi kwa niaba ya mashirika ya ndege wanachama. Asiyeidhinishwa hulazimika kununua kwa mwenzake aliyeidhinishwa. Si kosa kufanya hivyo, na wapo mawakala wadogo waaminifu wanaofanya kazi namna hiyo, lakini mteja anapaswa kujua kwamba kati yake na ndege kuna mikono miwili badala ya mmoja. Siku safari inapoahirishwa saa tano usiku, tofauti hiyo huonekana.

Hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wakala aliyeidhinishwa hukusanya fedha za tiketi na kuziwasilisha kwa mashirika ya ndege kupitia mfumo wa pamoja wa malipo wa IATA, kwa ratiba iliyopangwa na isiyosubiri. Akichelewa, anaweza kusimamishwa kutoa tiketi. Wakati huohuo, taasisi inayomdai huduma kwa mkopo inaweza kuchukua miezi kadhaa kulipa ankara yake. Wakala huyo ana njia tatu tu: kukopa benki na kuingiza riba katika bei, kupandisha nauli kimyakimya ili kufidia ucheleweshaji, au kushindwa na kusimamishwa. Njia zote tatu zinamrudia mteja. Taasisi inayolalamika kwamba wakala wake ni ghali kuliko bei zilizo mtandaoni inapaswa kwanza kuangalia tarehe ya mwisho iliyomlipa. Mkataba mzuri hutaja siku za malipo, na afisa masuuli makini huhakikisha fedha zipo kabla ya hati ya ununuzi kutolewa.

Tahadhari ya upande wa pili ni kutolipa kiasi kikubwa cha fedha mapema. Septemba 2019, kampuni kongwe ya Uingereza ya Thomas Cook ilifilisika, na serikali ya nchi hiyo ikalazimika kuwarejesha nyumbani takriban wasafiri 150,000 waliokuwa ugenini. Jina kubwa na umri mrefu havikuwa dhamana. Taasisi inayotaka kuweka amana kwa wakala inapaswa kuwa na dhamana ya benki au kuweka kiasi kidogo kinachojazwa kila kinapopungua.

Tofauti nyingine inayowaponza wasafiri ni ile iliyopo kati ya nafasi iliyohifadhiwa na tiketi iliyotolewa. Uhifadhi hutambulishwa kwa namba fupi, kwa kawaida herufi na tarakimu sita, na unaweza kufutwa na shirika la ndege endapo malipo hayatafanyika kwa wakati. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa. Karatasi yenye ratiba nzuri na nembo ya ndege, lakini isiyo na namba hiyo ya tarakimu 13, haimhakikishii mtu kiti. Msafiri anaweza kuthibitisha mwenyewe katika tovuti ya shirika la ndege kwa dakika mbili, na wakala mwema hatachukizwa na uthibitisho huo.

Bei nayo inahitaji kusomwa kwa utulivu. Ndani ya daraja moja la ndege, abiria wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa nauli tofauti kwa sababu masharti ya tiketi zao ni tofauti. Tuchukulie tiketi moja inauzwa shilingi 400,000 bila ruhusa ya kubadilishwa wala kurejeshewa fedha, na nyingine shilingi 520,000 inayoruhusu kubadili tarehe. Kwa mkutano wa kimataifa uliopangwa mwaka mzima kabla, ya kwanza inatosha. Kwa kikao cha kikazi ambacho kinaweza kusogezwa jioni ya kuamkia safari, ya kwanza ikipotea na kununuliwa upya, taasisi itakuwa imetumia shilingi 800,000 kwa safari moja. Vikao vyetu vinasogezwa. Kigezo cha bei ya chini pekee, kinachopendwa sana katika tathmini za zabuni, hakiwezi kuona jambo hilo. Hivyo vigezo vya zabuni vimtake mzabuni aeleze masharti ya nauli, wala si kiasi tu.

Sambamba na hilo, kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma zinazouzwa nchini kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa maeneo yaliyoainishwa. Taasisi idai makadirio ya bei kwa shilingi, na mkataba uoneshe kiwango cha kubadilisha fedha kitatoka wapi pale nauli ya shirika la kigeni inapokuwa imepangwa kwa dola. Faida ya kubadilisha fedha isiyoelezwa ni ada nyingine iliyofichwa.

Safari za nje huongeza mzigo wa nyaraka, na hapa ndipo wakala mwenye ujuzi hujitofautisha na muuza tiketi. Kwa nchi za eneo la Schengen, maombi ya viza hupokelewa mapema hadi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Mwombaji huhitaji bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na pasipoti yake iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka katika eneo hilo. Chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazoitaka, huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha yote. Kibali cha safari kinachotoka siku tano kabla ya kuondoka hakiwezi kuokolewa na wakala yeyote. Wakala mzuri atasema hivyo mapema kwa maandishi, badala ya kuahidi kwamba atajaribu.

Atatazama pia viunganishi. Safari iliyogawanywa katika tiketi mbili zisizohusiana, kwa mfano moja ya Dodoma hadi Dar es Salaam na nyingine ya Dar es Salaam hadi Addis Ababa, humwacha msafiri bila mtu wa kuwajibika endapo ndege ya kwanza itachelewa. Katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere kuna jambo la ziada: ndege za nje huondokea Jengo la Tatu la Abiria, ilhali za ndani hutumia la Pili, hivyo saa moja ya kuunganisha safari ni saa moja kwenye karatasi tu.

Eneo ambalo taasisi nyingi hazijalizingatia ni taarifa binafsi. Wakala hushika nakala za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, namba za simu na wakati mwingine taarifa za afya za watumishi, wakiwemo viongozi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa hizo kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Cheti cha usajili kiwe miongoni mwa nyaraka za zabuni. Aidha, tabia ya kutuma picha ya pasipoti katika kundi la WhatsApp la ofisi, ili wakala aichukue humo, ikome.

Baada ya safari, kazi haijaisha. Mtumishi anatakiwa kufanya marejesho ya masurufu, na mhasibu atahitaji tiketi, kadi ya kupandia ndege na risiti ya EFD. Mkataba umtake wakala kuwasilisha kila mwezi taarifa ya safari zote, tiketi zilizobadilishwa, na hasa zile ambazo hazikutumika. Tiketi isiyotumika mara nyingi hubaki na thamani fulani, angalau kodi za viwanja, na fedha hizo hupotea kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ni vyema pia kujua ni wakati gani wakala hahitajiki. Tangu treni ya reli ya kisasa ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari hiyo inaweza kukamilika kwa takriban saa nne au pungufu, na Shirika la Reli Tanzania (TRC) huuza tiketi moja kwa moja mtandaoni. Kulipa ada ya wakala kwa tiketi ambayo katibu muhtasi anaweza kuikata kwa simu yake ni matumizi yasiyo na maelezo.

Yupo pia anayependa kujaribu huduma kabla ya kuipima kwa karatasi. Namba ya dharura iliyoandikwa katika zabuni ipigwe saa nane usiku, siku ya Jumapili. Anayepokea, na anachoweza kukifanya akishapokea, ni taarifa muhimu kwa kamati ya tathmini.

Mzabuni asiyeridhika na mchakato wa zabuni huwasilisha malalamiko yake kwanza kwa afisa masuuli wa taasisi husika, na asiporidhika na uamuzi hukata rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma (PPAA). Msafiri mwenye malalamiko dhidi ya huduma ya shirika la ndege anaweza kusaidiwa na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga (TCAA-CCC), ilhali vitendo vya rushwa katika utoaji wa zabuni hutolewa taarifa TAKUKURU kwa kupiga namba 113 bila malipo.