Siku Kumi na Nne za Jirani

Nchini Kenya, mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi, yaani kuamua ni wapi pajengwe makazi, wapi maduka na wapi viwanda, yalikabidhiwa serikali za kaunti na Katiba ya 2010, ingawa taratibu za kupinga maamuzi hayo ziliendelea kufuata sheria ya 1996 hadi ilipotungwa sheria mpya ya mipango mwaka 2019. Sheria hiyo inampa haki ya rufaa si mwombaji aliyenyimwa kibali pekee, bali pia mtu mwingine mwenye maslahi, akiwemo jirani ambaye ghorofa linalokusudiwa litamzibia jua na kulemea bomba la majitaka analolitegemea.

Rufaa hupelekwa kwanza kwa kamati ya uhusiano, chombo cha kaunti kinachosikiliza migogoro ya mipango kabla haijafika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na anayeiruka hatua hiyo huhatarisha kesi yake kutupwa kabla hoja zake hazijasikilizwa. Isitoshe, baadhi ya kaunti zilichelewa kuunda kamati hizo, hivyo mlalamikaji akaelekezwa kubisha mlango usio na mtu ndani.

Hata hivyo, ugumu mkubwa zaidi umo katika hesabu ya siku. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14 tangu waziri wa kaunti atoe uamuzi, wala si tangu jirani apate habari. Ni kweli kwamba mwombaji hutakiwa kuutangazia umma mradi wake anapowasilisha ombi, lakini tangazo la ombi silo tangazo la uamuzi, na jirani huweza kutambua kwamba kibali kimetoka pale tu anapoona kiwanja kimezungushiwa mabati na tingatinga limeingia. Jengo hilohilo likihitaji leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, leseni hiyo hupingwa kwingine, mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambako muda ni siku 60. Hivyo ugomvi mmoja hugawanywa vipande viwili, kila kimoja na kalenda yake.

Wajenzi hujitetea kwamba riba ya benki haisubiri majirani, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kuanza kuhesabu siku 14 tangu uamuzi ubandikwe langoni mwa kiwanja hakungemchelewesha mjenzi aliye tayari kuubandika siku hiyohiyo.