Je, Wajua? Kutoka Mbugangari Hadi Darasa la Usanifu Ughaibuni

Sogea, wewe unayechora maghorofa nyuma ya daftari la hesabu!

Je, wajua kwamba hadi 2009 Rwanda nzima haikuwa na hata shule moja ya usanifu majengo? Mwaka huo ndipo chuo cha KIST, Kigali, kilipoifungua ya kwanza. Kabla ya hapo ulifunga mizigo tu: msanifu Mnyarwanda Christian Benimana alikwenda kusomea Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai!

Mwaka huo huo wa 2009 Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola, ingawa haikuwahi kuwa koloni la Mwingereza. Ndiyo maana Mnyarwanda naye anaruhusiwa kuomba ufadhili wa Madola. Ulikuwa unalijua hilo?

Na lile jiwe jeusi linalokukwaza hapo Mbugangari, Rubavu, usilitukane. Hospitali ya Butaro, hapa hapa Rwanda, iliyofunguliwa 2011, ina kuta za mawe ya volkano ya Virunga, yale yale wakulima waliyoyaona kero shambani. Shirika la MASS lililoichora lilianzishwa na wanafunzi wa uzamili wa Harvard! Wenzako walivuka bahari kulifuata jiwe. Wewe unalo mlangoni. Lichore, liingie kwenye potifolio yako.

Francis Kéré wa Burkina Faso alifika Ujerumani 1985 kujifunza useremala. Shule aliyoijengea kijiji chake cha Gando ilikamilika 2001. Shahada yake ya usanifu akaipata 2004. Umesikia vizuri: jengo lilitangulia cheti kwa miaka 3! Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa tuzo ya usanifu ya Pritzker.

Shahada yako ya kwanza si ya usanifu? Tulia. Mariam Issoufou wa Niger alisomea kompyuta kwanza, kisha akachukua uzamili wa usanifu Chuo Kikuu cha Washington, akamaliza 2013.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea Haifa, Israeli. Haifa!

Sasa pesa. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, hata kwa mgeni. Ila bila ufadhili wala mdhamini, ubalozi unataka uoneshe euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja. Ada sifuri, akaunti imejaa, maajabu hayo!

Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS yanahesabiwa kwa miaka 2 tu, kisha yanachacha kama paketi ya maziwa. Usiufanye mapema mno, bwana.

Na hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Chuo cha New York kikifunga maombi saa 5:59 usiku mwezi Desemba, hapa Rubavu ni saa 12:59 asubuhi ya kesho yake. Unalala, unaamka, unakunywa chai, bado mlango uko wazi! Mwenzako wa Dar es Salaam saa yake inaonesha 1:59, lakini usimwonee wivu: dakika ni zile zile.