Kabla ya Kuokota Fimbo, Tazama Mkono Wako

Mpendwa msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kati ya Morogoro na Dodoma, bila shaka umepita Dumila, pale inapochepuka barabara ya kwenda Kilosa. Wengi huikumbuka kwa nyanya na vitunguu vya kando ya barabara. Mimi naikumbuka kwa ajili ya mbwa.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Kijana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa akimfundisha mbwa wake, Simba, kuruka benchi uani kwa mzee aliyenikaribisha chakula. Alishika tonge la ugali, akasema, "Ruka!" Simba akaruka, akala. Akaambiwa tena, akaruka, akala. Kisha kijana akataka kutuchekesha. Akakunja ngumi tupu kana kwamba ameshika tonge. Simba akaruka, akanusa, hakukuta kitu. Akafanyiwa hivyo mara tatu. Mara ya nne akakaa chini, akamtazama tu bwana wake. Kijana akaokota fimbo.

"Mjukuu wangu, weka fimbo chini," mzee akamwambia. "Huyo mbwa amekukosea nini?"

"Babu, amekuwa mbishi."

"Si mbishi. Ameacha kukuamini."

Sote tukanyamaza.

Wenzetu Uingereza waliufanya uruke-ruke wa namna hiyo kuwa mchezo kamili. Mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, watu walioneshwa kwa mara ya kwanza mashindano ya mbwa ya kupita vikwazo. Leo yanachezwa katika nchi nyingi. Mbwa huruka viunzi, hupenya ndani ya bomba, hupita akikatiza katikati ya nguzo, hupanda ubao wa bembea na kushuka upande wa pili, huku saa ikihesabu. Bwana wake hukimbia naye uwanjani, lakini haruhusiwi kumgusa wala kushika chakula. Ana sauti yake, mikono yake na miguu yake tu.

Hapo ndipo penye somo. Mbwa hufuata mwili kuliko maneno. Mdomo ukisema kulia na mabega yakielekea kushoto, mbwa atakwenda kushoto. Watazamaji watasema mbwa amekosea, lakini mwalimu wa mchezo atamwita mwenye mbwa pembeni. Ndiyo maana katika mafunzo hayo anayefundishwa zaidi ni mtu.

Huna haja ya kwenda London kuliona jambo hili. Chini ya milima ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao hunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine hunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine, jumla yake zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama, PDSA.

Panya hufundishwaje? Mkufunzi ana kifaa kidogo kinacholia "klik". Panya akiitambua harufu inayotakiwa, kifaa hulia, naye hupewa ndizi au karanga. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na yote imesimama juu ya uaminifu: mlio ukisikika, chakula kipo. Fikiri sasa mkufunzi mvivu anayebonyeza ovyo, au anayebonyeza asitoe chakula. Atakuwa anamfundisha panya kukosea, na gharama yake ataibeba mkulima wa nchi ya mbali, atakayekanyaga shamba alilodhani ni salama.

Msomaji wangu, fungua leo kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu kwa sababu alikataa kwenda mbele. Alimwona mkaidi. Kumbe punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga njiani, na ukaidi wake ndio uliookoa maisha ya bwana wake. Nabii ndiye aliyekuwa hajaona kitu.

Nakiri mbele yako kwamba nami nimekuwa Balaamu. Mara ngapi nimemwambia mwanangu, "Nikirudi nitakuletea," nikarudi na ngumi tupu? Mara ngapi nimesema, "Jumamosi tutakaa mimi na wewe," Jumamosi ikapita nikiwa na simu mkononi? Kisha nikimwita asije mbio, nasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Yeye hakusahau kutii. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba neno langu halina kitu ndani yake.

Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, unawataka watoto watii, na palepale unawageukia akina baba wasiwachokoze watoto wao. Tunapenda kuihubiri amri ya kwanza. Ya pili tunaipita haraka. Vivyo hivyo kanisani: tunawaambia vijana wawe wakweli, na miguu yetu wanaiona inakoelekea Jumatatu.

Mungu tunayemwabudu hakunji ngumi tupu. Alichoahidi hukitimiza, na ndiyo maana tunaweza kumfuata hata gizani.

Leo ukitoka kanisani, kumbuka ahadi moja uliyompa mtoto, mwenzi au jirani, ukaiacha njiani. Itimize kabla jua halijazama. Kama haiwezekani tena, nenda ukamwombe radhi kwa jina lake. Yule kijana wa Dumila alirudi jikoni, akaomba tonge, akampa Simba bila kumwamuru kuruka. Ilichukua muda kabla mbwa hajasogea. Lakini alisogea.

Nakutakia Jumapili njema.